Amita ya Bedford la Marehemu Baba

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlio madarasani hivi sasa: baadhi yetu tuliotoka upande wa Kanoni tuliletwa shuleni juu ya magunia, masanduku ya bati mapajani, katika Bedford la marehemu baba. Lilikuwa la aina ya O, ambayo kiwanda cha Uingereza kiliacha kuitengeneza mwaka 1953. Waliokaa mbele watakumbuka saa ndogo ya mviringo kwenye dashibodi, sindano yake ikichezacheza. Hiyo ndiyo amita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, na habari zake ndizo nizisimuliazo.

Baba hakusoma fizikia, lakini amita aliisoma vizuri. Sindano ikielemea kulia, betri inajazwa. Ikielemea kushoto, betri inaliwa. Akipeleka kahawa Bukoba, alijua dainamo imechoka kabla taa hazijafifia.

Wala saa hiyo haikuwa na kosa. Dainamo nyingi za siku zile zilitoa ampea 22 hivi, basi. Karibu umeme wote ulioingia katika betri au kutoka humo, ukiacha ule mkubwa wa kuwashia injini, ulipita ndani ya amita yenyewe, nayo iliumudu.

Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka, na njia yetu ya Bukoba ikakatika. Vita vilikwisha mwaka 1979, lakini miaka iliyofuata fedha za kigeni ziliadimika na vipuri navyo vikatoweka. Dainamo ilipokufa, fundi alifunga altaneta iliyong'olewa katika gari bovu, yenye kutoa ampea 40 na zaidi. Taa ziling'aa, tukashangilia. Saa hakuna aliyeikumbuka. Nami niliyefaulu fizikia nilikuwapo, nimeshika tochi!

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme nati iliyolegea nyuma ya amita ina ukinzani wa omu 0.05. Ampea 20 zikipita hapo, joto ni wati 20. Ampea 40 zikipita, ni wati 80. Mkondo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Hizo wati 80 zapita taa kubwa ya mbele, nazo zimefungiwa nyuma ya dashibodi pamoja na waya zenye mpira mkavu.

Deni hilo lilidaiwa jioni moja ya mvua mwaka 2019. Tulikuwa tukipanda kilima kurudi Kanoni, tuna ndizi na abiria watatu, betri imeshuka na altaneta inaisukumia umeme kwa nguvu. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi ukanijia usoni. Utingo aliruka na spana akafungua waya wa betri. Nyuma ya saa tulikuta kibao kimekuwa mkaa. Abiria walimaliza safari kwa miguu, na sikuwalaumu.

Wengine walinishauri niitupe saa na kuchomeka kipimo kipya cha dukani. Nilikataa. Kwanza nilipitisha waya mnene kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri, wenye fyuzi karibu na betri. Zile waya mbili za amita niliziunganisha kwa bolti moja na kuzifunika vizuri, maana zikiachwa zimeachana gari halina umeme. Kisha nikatoa matumbo ya amita, nikaweka ya voltimita ndani ya kasha na kioo kilekile. Voltimita haipitishi mzigo wa gari. Huchungulia tu pembeni. Waya mwembamba kutoka swichi ya funguo, wenye fyuzi ndogo, na mwingine kwenye bodi, vyatosha. Gari likizimwa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, injini ikizunguka, yapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 mwendo wote, altaneta haifanyi kazi.

Nakiri kwamba kuna kilichopotea. Voltimita haikuambii ni umeme kiasi gani uingiao au utokao, na baba angelalamika.

Tarakimu za usoni nilizichora kwa mkono, kwa mwandiko wa zamani. Juzi mzee mmoja aliyesafiri sana na baba alipanda mbele, akainama, akaona sindano imesimama kwenye 14. "Ampea kumi na nne," akasema. "Dainamo ya baba yako bado nzima." Nikamwitikia, tukaondoka.