Reli ya Shinyanga na Madini

Wengi hudhani kwamba reli ya Shinyanga ililetwa na almasi. Sivyo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikitazamia pamba ya Wasukuma na mizigo ya ziwani. John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, njia ikiwa tayari. Dhahabu ya Geita, ng'ambo ya ghuba, haikupata reli. Mpanda ndiyo iliyojengewa njia kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, garimoshi likabaki likichukua abiria na mazao. Basi, ndugu msomaji, reli tuipime kwa kipimo gani? Madini huisha, mkulima wa Ibadakuli hubaki, naye kila mavuno ana mzigo wa kusafirisha.