Kutoka Keria hadi Mkataba: Mwendesha Baiskeli wa Kike wa Kulipwa Afrika Mashariki Akitazamwa kutoka Mpanda

Historia ya michezo katika ukanda wetu imezoea kuanza na kipaji na kuishia na medali. Makala hii inachukua njia nyingine. Inachunguza namna kazi ya mwendesha baiskeli wa kike wa kulipwa ilivyowezekana Afrika Mashariki, na inauchukua Mkoa wa Katavi kama mahali pa kuulizia swali hilo. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo haizaliwi na baiskeli, wala na nguvu za miguu peke yake. Huzaliwa na asasi zinazosimama kati ya baiskeli na mbio.

Katavi haina uhaba wa baiskeli. Kabla ya mkoa huu kumegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na hata baada ya hapo, mazao mengi ya Mpanda na vijiji vyake yalifika sokoni juu ya magurudumu mawili. Reli kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, iliishia Mpanda mjini. Kutoka hapo mahindi, mkaa na tumbaku vilitegemea keria. Katika picha hiyo mwanamke huonekana akiwa amepakiwa, au akisukuma baiskeli iliyofungwa madumu ya maji. Huo nao ni ustadi wa baiskeli. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anayeshika saa, wala karatasi ya matokeo inayobaki kwa ajili ya mtafiti.

Rwanda inaonyesha jinsi karatasi hiyo ilivyopatikana. Timu ya taifa ilianza kujengwa mwaka 2007 chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France (1981), na baadaye ikawa na kituo chake cha mazoezi Musanze. Mwaka 2009 Tour du Rwanda iliingia katika kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli (UCI). Hayo yote yalilenga wanaume. Hata hivyo kituo, makocha, mafundi na baiskeli za mbio vilikuwa vimekwisha kuwapo Jeanne d'Arc Girubuntu, aliyezaliwa mwaka 1995, alipojiunga. Septemba 2015, akiwa na umri wa miaka 19, alishindana katika Mashindano ya Dunia mjini Richmond, Marekani. Anatambuliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo.

Waandishi wa habari huipenda sana sifa ya “wa kwanza”. Kwa mwanahistoria, sifa hiyo ni shtaka zaidi kuliko pongezi: mbio za wanawake katika mashindano hayo zilianza mwaka 1958, na ilichukua miaka 57 kabla ya jina kama lake kuandikwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa mkataba. Mwaka 2022 Mnyarwanda mwingine, Diane Ingabire, aliingia katika Canyon//SRAM Generation, timu iliyoundwa kwa ajili ya wanawake wa nchi zisizo na uwakilishi wa kutosha. Hapa neno “kulipwa” linahitaji tahadhari. UCI iliweka mshahara wa chini kwa wanawake wa timu za daraja la juu mwaka 2020 tu, yuro 15,000 kwa mwaka; kufikia mwaka 2023 ulikuwa yuro 32,102. Timu za daraja la bara, ambako Waafrika wengi huanzia, hazikubanwa na kiwango hicho.

Tena, asasi huvunjika. Eyeru Gebru wa Tigray, Ethiopia, alipitia kituo cha UCI huko Aigle, Uswisi. Vita vilipozuka kwao Novemba 2020, njia ya kurudi ilifungika. Aliomba hifadhi Ufaransa, na mwaka 2024 akashindana katika Olimpiki ya Paris ndani ya Timu ya Wakimbizi. Msomaji wa Katavi, anayezijua Katumba na Mishamo, hahitaji kuelezwa jinsi mpaka unavyoweza kugeuza maisha ya mtu. Kilichomwokoa Gebru kikazi ni kwamba tayari alikuwa na matokeo yaliyosajiliwa nje ya nchi yake.

Septemba 2025 Mashindano ya Dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Wakati huo lami ilikuwa imekwisha kuiunganisha Mpanda na Tabora kupitia Koga. Barabara, basi, si kisingizio tena. Msichana wa Mpanda angehitaji mashindano ya mkoa yenye kundi la wanawake na mpima muda, baiskeli ya mbio isiyodaiwa kubeba gunia siku inayofuata, na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) kumsajili. Utafiti wa nyanjani nao unapaswa kuanza kwa wale waliosukuma madumu: waliendesha umbali gani, kwa baiskeli ya nani, na nani aliwakataza.