Kwa nini flukonazoli peke yake haikutosha

Nyumbani kwetu fangasi ni wa vidole vya miguu. Mama hajui habari ya "kuvu" ya kwenye kamusi zetu za darasani. Nilipomwambia naandika makala kuhusu fangasi wanaoua watu, alicheka, kisha akauliza, "Wale wa homa ya uti wa mgongo?" Kabla ya kuja Uingereza alikuwa muuguzi Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliwajua vizuri kuliko mimi.

Fangasi huyo ni Cryptococcus. Huishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, na mtu humvuta kwa pumzi bila kujua. Mwenye kinga nzuri kwa kawaida hadhuriki. UKIMWI ulipoenea, alipata njia ya kufika ubongoni.

Dawa zilikuwapo. Amfoterisini B ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Venezuela. Flusitosini iliundwa mwaka 1957, awali kwa nia ya kutibu saratani. Flukonazoli ilibuniwa na wanasayansi wa Pfizer huku huku Uingereza, mjini Sandwich, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1990. Lakini amfoterisini huingizwa kwa dripu na huweza kuumiza figo, hivyo mgonjwa anahitaji kupimwa damu kila mara. Flusitosini haikupatikana karibu popote Afrika. Flukonazoli ni kidonge tu, ila kilikuwa ghali. Mwaka 2000 wanaharakati wa Treatment Action Campaign wa Afrika Kusini walikaidi hataza na kuingiza flukonazoli ya bei nafuu kutoka Thailand. Pfizer nayo ikaahidi mwaka huo huo kuitoa bure. Walifanya haki, nami nawaheshimu. Tatizo ni kwamba katika hospitali nyingi za Afrika kidonge hicho kikawa ndiyo tiba nzima.

Sasa, fangasi hufanyaje? Utando wa seli yake unahitaji ergosteroli, kama wetu unavyohitaji kolesteroli. Flukonazoli huzuia kimeng'enya kinachosaidia kuitengeneza. Haimuui fangasi huyu, humdumaza tu. Na ndani ya mgonjwa mmoja huwa kuna seli chache zenye nakala ya ziada ya kromosomu ya kwanza. Kromosomu hiyo ndiyo yenye jeni ya kimeng'enya kile kile, na pia jeni ya pampu inayoitapika dawa nje ya seli. Seli nyingine zikidumaa, hizi huzaana. Dawa ikikoma, nakala ya ziada hupotea, na fangasi huonekana wa kawaida tena. Nilisoma hapo mara tatu kabla ya kuamini.

Mama alinyamaza nilipomweleza hili. Anasema wapo waliopata nafuu, wakaenda nyumbani, wakarudi baada ya wiki chache kichwa kikiuma vile vile. "Tukawauliza kama wanameza dawa. Wakasema wanameza. Hatukuwaamini wote."

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa waliotibiwa Tanzania kwenyewe. Kwa waliopewa flukonazoli peke yake, seli sugu ziliongezeka. Ilipoambatana na flusitosini, zilizuiwa. Flusitosini nayo ikitumika peke yake fangasi huizoea upesi, kwa hiyo kila moja humlinda mwenzake. Mwaka mmoja kabla, majaribio yaliyofanyika Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania yalikuwa yameonyesha kwamba hata amfoterisini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na flusitosini kuliko ikiwa na flukonazoli.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake: dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina isiyoumiza figo sana, pamoja na flukonazoli na flusitosini kwa siku 14. Flusitosini hiyo ni ile ile ya mwaka 1957.