Barabara za Dar es Salaam na Mfuko Unaozilisha

Mwaka 1877, miaka saba baada ya kifo cha Sultani Majid bin Said, mji aliouanzisha kando ya bandari ya Mzizima ulikuwa umebaki nusu, majumba yake yakipigwa na jua bila wenyewe. Mwaka huo vibarua walianza kufyeka njia kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Fedha zilitoka Uingereza, kwa William Mackinnon, tajiri wa kampuni ya meli, pamoja na wenzake walioamini kwamba njia nzuri ya bara ingeleta biashara ya bidhaa na kuua biashara ya watumwa. Njia ilisonga mbele zaidi ya kilomita mia moja, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 kazi ikasimama. Wafadhili walichoka kutoa, na mjini hapakuwa na mamlaka yenye mfuko wa kuitunza. Pori likarudi mahali pake.

Tangu siku hizo Dar es Salaam imejengewa barabara nyingi, za vumbi, za lami na za zege. Katika kila kizazi fedha za kujenga zilipatikana kwa namna fulani: kwa kodi, kwa mkopo, kwa msaada. Fedha za kutunza ndizo zilizosumbua, kwa sababu hizo hutaka mfuko usiokauka na watu wenye haki ya kuuliza mfuko huo umetumikaje. Atakayeifuata historia ya jiji hili kwa subira ataona kwamba hali ya barabara za mitaani imekwenda sambamba na swali la nani anashika mfuko na nani anamhoji.

Wajerumani walihamishia Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Walipima viwanja, wakanyoosha barabara za ufukweni na kupanda miti kandokando. Njia yao kuu ya miti ya migunga ndiyo leo Barabara ya Samora. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza, na mwaka 1914 ukafika Kigoma. Kodi ya kibanda, iliyoanzishwa mwaka 1897, ilimdai Mwafrika wa kila pembe ya koloni, ilhali barabara nzuri za mji ziliishia karibu na ofisi za serikali, bandari na nyumba za Wazungu.

Waingereza waliufuata mpango uleule. Uzunguni kulikuwa na nyumba zenye bustani pana. Uhindini kulikuwa na maduka. Uswahilini, yaani Kariakoo na baadaye Ilala, kulikuwa na mitaa iliyopimwa kwa mistari iliyonyooka lakini ikaachwa mchanga mtupu. Katikati waliacha uwanja wa Mnazi Mmoja uzitenge pande hizo. Daraja la Selander lilipojengwa kukata mkondo wa Msimbazi, lilifungua njia ya kwenda Oyster Bay, walikojengewa maofisa wa serikali. Mvua za masika zilipokuja, maji ya Kariakoo yalitafuta njia yenyewe kati ya nyumba. Hata hivyo, Kariakoo ilichangia mapato: kodi za nyumba, leseni na ushuru wa soko vililipwa huko kila mwaka. Mkazi alitozwa, lakini hakuwa na kiti katika chumba cha kugawa kilichokusanywa.

Mwaka 1949 mji ulipandishwa hadhi kuwa manispaa, ukapata baraza na meya. Waafrika waliingia humo wakiwa wachache, kisha upepo wa siasa ukageuka. Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi, mshairi na mwanachuoni, alichaguliwa kuwa meya wa kwanza Mwafrika, na Desemba 1961, uhuru ulipopatikana, Dar es Salaam ikawa jiji. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kariakoo au Magomeni aliweza kumsimamisha diwani wake njiani na kumdai mtaro.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Wananchi waliitana kwenye msaragambo kwa majembe na sururu. Walifyeka, wakachimba mitaro, wakatengeneza njia na kujenga madarasa. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru, uliendelea kupita mikoani, na hadi leo unapofika mahali hukuta kuna darasa la kufunguliwa, kisima cha kuzinduliwa au kipande cha barabara cha kukaguliwa. Mikusanyiko hii ya kazi ilikuwa na faida kubwa. Ilimfanya mkazi aone mtaro wa jirani kuwa ni wake pia. Lakini nguvu za mikono zilikuwa na mpaka wake, kwa sababu greda, kokoto na kalvati hununuliwa kwa fedha, na fedha zilipaswa kutoka kwenye mfuko wa baraza.

Mfuko huo ulikutana na mageuzi makubwa mwaka 1972. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeelekeza macho ya taifa vijijini, na serikali ikatangaza Madaraka Mikoani, mpango uliolenga kusogeza uamuzi karibu na wananchi. Katika utekelezaji wake halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa, kazi zao zikachukuliwa na watendaji wa serikali kuu walioko mikoani na wilayani. Kufikia 1974 Dar es Salaam haikuwa tena na baraza lake la jiji. Kulikuwa na mkoa wenye wilaya tatu: Ilala, Temeke na Kinondoni.

Matokeo yake yalionekana barabarani na mitaroni. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu zaidi ya 270,000 jijini. Ya 1978 ilihesabu zaidi ya 840,000. Mji ulikuwa mara tatu ya ulivyokuwa, huku chombo kilichokuwa na kazi ya kusafisha mifereji, kuzoa taka na kuziba mashimo kikiwa hakipo. Vyanzo vyake vya mapato vilidhoofika pamoja nacho. Kipindupindu kilipozuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, ikawa wazi kwamba huduma za mjini zimeanguka. Mwaka 1978 Bunge lilitunga sheria ya kurudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikaja sheria mpya za serikali za mitaa, mojawapo ikihusu fedha zake. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia kama angeanza upya. Kauli hiyo inastahili heshima kubwa, kwa maana ni viongozi wachache wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani.

Baraza lilirudi, lakini lilirudi katika miaka migumu. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa vimekausha hazina, na vitabu vya kodi za majengo havikulingana na mji uliokuwa ukitambaa hadi Mbagala, Tabata na Kimara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barabara nyingi za jiji zilikuwa mashimo matupu, na sehemu ndogo sana ya taka ndiyo iliyozolewa. Msaada wa Japani ulifufua baadhi ya barabara kuu. Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la madiwani na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilikaza ukusanyaji wa mapato, ikawapa kampuni binafsi na vikundi kazi ya kuzoa taka, na wakazi wengi waliuona mji ukichangamka. Ilifanya hayo bila diwani hata mmoja aliyechaguliwa, na ndiyo maana isingeweza kudumu. Mwaka 2000 madiwani walirudi, safari hii katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yake kukiwa na Halmashauri ya Jiji.

Wakati wakubwa wakipanga na kupangua ofisi, jambo lenye mafunzo makubwa zaidi lilikuwa likifanyika Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni ulioota bila kupimwa kando ya bonde la Msimbazi. Maji ya mvua yalikuwa yakibomoa nyumba na kukata njia. Kuanzia 1994, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, jiji, na wataalamu wa chuo cha ardhi, wakazi wenyewe waliunda kamati, wakaingia mikataba ya kazi, wakachimba na kujenga mitaro na barabara kwa mikono yao, wanawake wakiwa miongoni mwa vibarua waliolipwa. Hatua iliyofuata ndiyo iliyoutofautisha mradi huu na mingine mingi: magari yanayoingia mtaani yalitozwa ushuru, na fedha hizo zikatengwa kwa matengenezo. Mtu aliyelipa ushuru huo alipita juu ya kile alicholipia, na kamati iliyozishika fedha ilikaa mtaa mmoja naye.

Mradi mkubwa zaidi wa mkopo wa Benki ya Dunia ulifuata katika muongo wa 2000, ukaingia mitaa mingi isiyopimwa ya manispaa zote tatu. Humo nako wakazi waliulizwa waseme kipi kianze: barabara, mtaro, taa au njia ya miguu. Aliyeishi Uswahilini anajua uzito wa mtaro, kwa sababu barabara isiyo na mtaro hudumu masika mawili tu.

Mfuko wa baraza, hata hivyo, uliendelea kuvutwa huku na kule. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, iliyowasumbua maskini na kukusanywa kwa kufukuzana. Kufutwa kwake kuliwapa watu nafuu ya kweli, lakini halmashauri zilibaki zikitegemea ruzuku zaidi. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ni nguzo ya miji, ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato mwaka 2008 kwa Dar es Salaam, ikarudishwa kwa manispaa mwaka 2014, kisha ikachukuliwa tena mwaka 2016. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ukusanyaji ukawa rahisi, lakini uzi kati ya nyumba ya mlipaji na barabara iliyo mbele ya nyumba hiyo ukazidi kuwa mwembamba.

Tarehe 9 Desemba 2015 ilikutanisha barabara, fedha na sherehe katika siku moja. Rais John Magufuli, aliyekuwa madarakani kwa mwezi mmoja, alifuta maadhimisho ya uhuru ya mwaka huo na kuwataka wananchi watumie siku hiyo kufanya usafi. Walitoka na mifagio, mapanga na makoleo, mawaziri kwa wauza samaki wa Feri. Shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa gwaride na dhifa zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, kilomita 4.3. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi nchi nzima. Hapa mwananchi alionyeshwa hesabu anayoweza kuifuata: kiasi hiki kimetoka hapa, kimekwenda pale, nenda kaone.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ujenzi mkubwa. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza safari kati ya Kimara na Kivukoni. Barabara ya juu ya TAZARA ilifunguliwa 2018, na ya Ubungo Februari 2021. Kazi hizi zimeokoa saa nyingi za wafanyakazi na wagonjwa waliokuwa wakikwama kwenye foleni. Zilikuwa pia na machungu yake: mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara zilipakwa alama nyekundu ya X na kubomolewa bila fidia ili kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Na pale Jangwani, ambapo Msimbazi hudai bonde lake kila masika, njia ya mwendokasi imefungwa na maji mara nyingi.

Miradi hiyo ya majina makubwa ilijengwa na serikali kuu na mifuko ya kitaifa. Barabara za mtaani nazo ziliondolewa kwa halmashauri Julai 2017 na kukabidhiwa kwa wakala mpya wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ambaye tangu 2021 anapata shilingi 100 zilizoongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Wahandisi wamewekwa pamoja na mfuko umekuwa na uhakika zaidi, jambo jema kwa matengenezo. Lakini diwani anayeulizwa na mpiga kura wake kuhusu mashimo ya mtaani sasa hana greda wala fungu. Anaweza tu kuandika barua. Na mwezi huohuo ilipofunguliwa barabara ya juu ya Ubungo, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi na jina la jiji. Katika miaka isiyofika hamsini, mpangilio wa uongozi wa Dar es Salaam umevunjwa na kuundwa upya mara tatu.

Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Idadi hiyo inadai barabara nyingi kuliko zinazoweza kujengwa kwa mikopo, na kila kilomita inayojengwa leo inaanza kudai matengenezo kesho yake. Historia haikatazi mfuko ushikwe na wizara, wakala au halmashauri. Kila mmoja amewahi kufanya vizuri na kila mmoja amewahi kushindwa. Inachoonyesha ni kwamba barabara za mitaani ziliharibika zaidi pale mlipaji alipokosa mtu wa kumwuliza, na zilidumu pale hesabu ilipokuwa karibu naye. Kwa hiyo mkutano wa mtaa unaosoma mapato na matumizi una uzito sawa na sherehe ya kukata utepe, na unahitaji kujaa watu vivyo hivyo. TARURA ije pale na orodha ya barabara za kata, gharama zake na tarehe za kuanza kazi, diwani awepo, mwenye duka, dereva wa bodaboda na mama wa genge waulize, na majibu yaandikwe ili mkutano ujao uanzie hapo.