Kutoka mumiani mpaka chanjo: damu ya watu wa Bagamoyo

Mbegani, Jumapili usiku

Wiki ya tatu sasa tupo fildi huku Mbegani, kwenye kampasi ya chuo cha uvuvi, na ratiba ya boti haijali kama mtu ana mambo ya kuandika. Kwa wasiopajua, Mbegani ni jirani na magofu ya Kaole, kilomita chache kabla hujaingia Bagamoyo mjini ukitokea Dar. Kuna mikoko, madau, samaki wa kukaushwa, na mbu. Hasa mbu.

Juzi mwenzangu wa chumba alishikwa na homa. Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto, na siku ya tatu alikuwa anagombania ugali na sisi. Mama lishe anayetupikia akacheka: "Wanangu, nyie damu yenu bado mbichi. Ya kwetu imeshachukuliwa sana na watu wa chanjo." Kumbe kifungua mimba wake aliandikishwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria mwaka 2009, akiwa bado ananyonya. Leo ni kijana, anakwenda baharini na baba yake. Nikamuuliza, mama, hukuogopa? Akasema aliogopa sana, mama mkwe wake ndiye aliyeogopa zaidi, lakini alikuwa amewahi kuzika mtoto wa dada yake kwa degedege, basi akaona bora ajaribu.

Sasa mimi historia naipenda kuliko hata hiyo kozi inayonipa bumu, kwa hiyo tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Na kila ninapogusa nakuta jambo moja: historia ya utafiti wa malaria katika pwani hii ni historia ya watu kuombwa damu.

Mtu wa pwani ukimtajia kuchukuliwa damu, kuna neno linamjia hata kama hatalitamka: mumiani. Zamani mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama gundi au lami, kikisemekana kutoka Uajemi. Mtu aliyevunjika mfupa alipakwa, au kiliyeyushwa kwenye samli akanywa. Watu wakaamini kwamba ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Wakati wa ukoloni jina likahama kutoka kwenye dawa likaenda kwa watu: wazimamoto, mabwana nyama, madaktari, yeyote mwenye gari na vifaa visivyoeleweka aliweza kuitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya uvumi wa namna hii Afrika Mashariki mwaka 2000, na hoja yake ni kwamba tusiucheke. Ulikuwa namna ya watu kusema jambo la kweli: kuna wageni wanachukua kitu kutoka miilini mwetu, na hatuoni kinakokwenda.

Ukiangalia madaktari wa kwanza kufika huku, unaelewa. Livingstone alizunguka bara akiwa na kidonge chake mwenyewe chenye kwinini, na mwaka 1867 mpagazi mmoja akatoroka na sanduku la dawa. Mwili wake Susi, Chuma na wenzao waliukausha, wakautembeza miezi kadhaa mpaka misheni ya Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Mnara wa kanisa lile kila mtalii anapigwa nao picha. Wapagazi waliokufa kwa homa njiani bila kwinini, hao hawana mnara.

Halafu mwaka 1897 akaja Dar es Salaam Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Alikaa mpaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa mengine, na chombo chake kilikuwa hadubini: toboa, paka tone kwenye kioo, angalia. Mwaka huohuo wa 1897, kule India, Ronald Ross aliona kimelea cha malaria ndani ya mbu. Mwaka huohuo pia ilifunguliwa hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walijengewa hospitali kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa misafara wa hapahapa Bagamoyo, ambaye naye alifariki 1897. Ukoo wa Muhimbili unaanzia kwenye hospitali hiyo. Ajabu mwaka mmoja tu una mambo yote hayo.

Miaka ya katikati naipita haraka, maana pwani ilikula klorokwini mpaka klorokwini ikachoka. Mwaka 2001 nchi ikaiacha ikahamia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja hii dawa mseto tunayomeza leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Johns Hopkins ya Marekani walikuja vijiji vya Yombo, wilaya hii ya Bagamoyo, kujaribu vyandarua vilivyochovywa dawa. Shida ya kuchovya tunaijua sote tuliokulia pwani: ukifua chandarua mara kadhaa, dawa kwaheri. Wakemia wa Sumitomo wa Japani walitatua hilo kwa kuichanganya permethrini ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi, hivyo dawa inajitokeza juu polepole kwa miaka. Kuanzia 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kikaanza kuvitengeneza, cha kwanza Afrika. Mimi naona hii ni hadithi kubwa kuliko tunavyoichukulia. Kemia ya nyuzi za plastiki imeokoa watoto wengi, na hakuna aliyetolewa damu ili alale ndani ya chandarua.

Turudi kwenye chanjo. Ya kwanza kujaribiwa nchini haikuwa hapa. Ilikuwa Idete, karibu na Ifakara, ambako Waswisi walishajenga maabara tangu miaka ya 1950. Chanjo ilitoka Colombia kwa daktari Manuel Patarroyo, iliitwa SPf66, na matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha imepunguza malaria kwa asilimia 31 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Furaha ikawa kubwa. Baadaye Gambia na Thailand wakaijaribu, hawakuona kitu. Watu wakasema chanjo ya malaria ni ndoto.

Lakini Ifakara wakawa wamejifunza namna ya kufanya majaribio makubwa, na taasisi yao ikafungua tawi Bagamoyo. Mwaka 2006, chini ya Dkt. Salim Abdulla, wakaanza na watoto wachanga 340 wa Bagamoyo kwa chanjo ya RTS,S. Nieleze kidogo, maana ni ufundi mtamu. Kimelea kinapotoka kwenye mate ya mbu kina koti la protini moja maalumu, na ndani ya muda mfupi kinajificha kwenye ini. Wanasayansi wa kampuni ambayo leo inaitwa GSK, huko Ubelgiji, pamoja na jeshi la Marekani, mwaka 1987 walichukua kipande cha koti hilo wakakiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Viwanda vyao ni chembe za hamira, ndiyo, hamira hiihii ya maandazi. Protini zinajikusanya zenyewe kuwa tufe dogo, na mwili ukiliona unadhani ni kirusi, unajiandaa kwa vita.

Tufe peke yake halitoshi, linahitaji kitu cha kuuamsha mwili. Hapo ndipo mambo ya kemia yanaingia. Bagamoyo mwaka 2006 walitumia mchanganyiko wa mafuta na maji, baadaye wakabadilisha wakatumia vipovu vidogo vya mafuta. Ndani ya michanganyiko yote miwili kuna saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni, kutoka kwenye magome ya mti wa Chile uitwao Quillaja. Kwa hiyo koti la kimelea cha Afrika, kirusi cha ini, hamira ya maandazi na magome ya Chile vinakutana kwenye paja la mtoto wa Bagamoyo.

Matokeo yalitoka Desemba 2008: maambukizi ya kwanza yalipungua kwa asilimia 65. Mei 2009 yakaanza majaribio makubwa, na yalianzia hapa Bagamoyo kabla ya kwingine. Yakaenea vituo 11 katika nchi saba, kikiwemo Korogwe, watoto zaidi ya 15,000. Theluthi moja yao walipewa chanjo za magonjwa mengine ili wawe wa kulinganisha. Mtoto wa mama lishe wetu alikuwa mmoja wa hao 15,000 na kitu.

Ile asilimia 65 haikudumu. Ripoti ya mwisho, mwaka 2015, ilisema waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi ya nne walipungukiwa malaria kwa asilimia 36 katika miaka kama minne, na waliochanjwa wachanga kwa asilimia 26 tu. Wapo waliosema ni kidogo mno. Mimi namsikiliza mama aliyezika. Kwa ugonjwa unaoua karibu watu laki sita kila mwaka, wengi wao watoto wa Afrika chini ya miaka mitano, theluthi moja si kidogo.

Sasa wadau, hii inawahusu nyie moja kwa moja. Mwaka 2012 palepale Bagamoyo vijana 30 wa kiume walijitolea kwenye jaribio la kudungwa vimelea hai vya malaria kwa makusudi. Vimelea vilitoka kampuni ya Sanaria ya Marekani, ambako mbu wanafugwa katika usafi wa maabara, wanapasuliwa tezi za mate kwa mkono, na vimelea vinahifadhiwa kwenye baridi ya naitrojeni. Na vijana hao walipatikana wapi? Vyuo vya Dar es Salaam. Wanafunzi kama sisi! Wachache walidungwa maji ya chumvi tu, wengi wa waliodungwa vimelea waliambukizwa, wakatibiwa. Katika zama hizi lilikuwa jaribio la kwanza la aina hiyo Afrika. Kuanzia 2014 wakajaribu chanjo ya Sanaria yenyewe, na hapo ndipo likaja somo ambalo maabara ya Maryland isingeweza kulitoa: dozi ileile iliyowalinda vizuri Wamarekani, kwa Watanzania ilitoa kinga hafifu. Mwili uliokua na malaria hauitikii kama mwili usioijua. Bila damu ya huku, wangeendelea kukadiria kwa damu ya kwao.

Baada ya hapo ikaja R21, ya chuo kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India. Ni ndugu wa RTS,S, ila tufe lake limejaa zaidi koti la malaria, na saponini ya mti uleule wa Chile imefungwa kwenye chembe ndogondogo sana za mafuta. Jaribio kubwa lilifanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi kwa majirani zetu, na Bagamoyo, ambako liliongozwa na Dkt. Ally Olotu. Watoto karibu 4,800. Matokeo yaliyochapishwa 2024: mwaka wa kwanza, asilimia 75 kule ambako malaria ina msimu, na asilimia 68 kwenye sehemu kama zetu ambako ipo mwaka mzima. Magazeti yakaandika "chanjo ya Oxford". Sawa.

WHO liliipitisha RTS,S Oktoba 2021 na R21 Oktoba 2023. Lakini RTS,S ilipoanza kutolewa kwa watoto wa kawaida mwaka 2019, nchi zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Mwisho wa 2024 zilikuwa zimefika 17, Kongo na Msumbiji zikiwamo. Tanzania haikuwamo, ingawa ripoti ya WHO ya mwaka huo iliitaja miongoni mwa nchi nne zenye zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani. Kuna hoja upande wa pili, sitaki kuificha: maambukizi kwa watoto wetu yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi 8 mwaka 2022 kwa vyandarua na dawa, na pesa ya afya haitoshi kila kitu. Mama lishe nilimweleza hayo yote. Akauliza, "Sasa mjukuu wangu je?"

Sikuwa na jibu nikala wali wangu.

Kuna jingine jipya. Watafiti wa Ifakara na Imperial College London wamejenga Bagamoyo maabara yenye ulinzi mkali, na humo wametengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba. Wamewekewa vinasaba vya kutengeneza sumu mbili ndogo, moja asili yake nyuki, nyingine chura, na zinachelewesha kimelea kukua tumboni mwa mbu. Walichapisha Desemba 2025. Damu yenye vimelea waliyowajaribia ilitoka kwa watoto wa huku wenye maambukizi.

Mbu hao bado wamefungiwa ndani. Kuwaachia ni habari nyingine, maana chanjo mama anaweza kukataa kwa niaba ya mwanawe, lakini mbu akitoka Bagamoyo hatasimama Zinga kuuliza nani amesaini fomu na nani hajasaini. Nilipomhadithia mama lishe habari hizi aliacha kukuna nazi. Akataka kujua mkutano wa kijiji utakuwa lini.