METAR: Historia ya mstari mmoja unaosomwa na marubani wa dunia nzima

HTDA 180600Z 04012KT 9999 FEW022 29/23 Q1012 NOSIG

Huu ni mfano nilioutunga wa METAR, taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, lakini mistari ya namna hii hutolewa usiku na mchana na viwanja vya ndege vya kimataifa, kila saa au kila nusu saa. HTDA ni Dar es Salaam. Tarehe ni 18, na saa ni 06:00 ya Zulu, saa ya dunia inayotumiwa na marubani wote. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa tatu asubuhi, na hapa Mswahili ana njia ya mkato: akitoa tatu kwenye saa ya Zulu, anapata saa yake. Saa 12:00 ya Zulu ni saa tisa alasiri.

Upepo unatoka nyuzi 040, kaskazini-mashariki, yaani kaskazi yenyewe ya Januari. Mwendo wake ni noti 12, kipimo cha mabaharia, karibu kilomita 22 kwa saa. Macho yanaona kilomita 10 au zaidi. Kuna mawingu machache ambayo kitako chake kiko futi 2,200. Joto ni nyuzi 29 na kiwango cha umande ni 23. Namba hizo mbili zikikaribiana sana, rubani huanza kufikiria ukungu. Mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1012, na hakuna badiliko kubwa linalotarajiwa ndani ya saa mbili.

Asiyeuzoea mstari huu hudhani wataalamu wanafichana jambo. Historia yake inaonyesha walikuwa wakitafuta namna ya kuelewana.

Tarehe 14 Novemba 1854, wakati wa Vita vya Krimea, dhoruba ilizikumba meli za Uingereza na Ufaransa katika Bahari Nyeusi na kuzamisha nyingi, ikiwemo manowari ya Kifaransa Henri IV. Mwanaastronomia Urbain Le Verrier wa Paris alipewa kazi ya kuichunguza. Alikusanya vipimo kutoka miji mbalimbali, akagundua kuwa dhoruba ile ilikuwa imesafiri kupitia Ulaya kabla ya kufika kwenye meli zile. Telegrafu ilikwishakuwepo, kwa hiyo onyo lingeweza kuitangulia. Miaka mitano baadaye dhoruba nyingine iliivunja meli ya Royal Charter kwenye pwani ya Wales na kuua watu zaidi ya 400. Mwaka 1861 Robert FitzRoy wa Uingereza akaanza kutuma maonyo ya dhoruba bandarini kwa telegrafu.

Lakini telegrafu ilikuwa na bei, na kila neno lililipiwa. Kuandika kwa kirefu kwamba upepo unavuma kwa wastani na mawingu yametanda nusu ya anga kungefilisi ofisi yoyote ya hali ya hewa. Wapimaji wakageuza anga kuwa tarakimu, wakazipanga katika mafungu mafupi, kila tarakimu ikiwa na maana kulingana na nafasi yake. Ufupi wa METAR ya leo umerithiwa kutoka katika hesabu za mtuma simu wa karne ya 19.

Likabaki tatizo la kila nchi kuwa na tarakimu zake. Mwaka 1873 wataalamu walikutana Vienna kulijadili, na hapo ukawekwa msingi wa ushirikiano wa kimataifa wa hali ya hewa. Kwa maoni yangu mkutano ule unastahili kukumbukwa kuliko chombo chochote kilichobuniwa zama zile. Kipimo kizuri kisichoeleweka upande wa pili wa mpaka hakimfai msafiri.

Ndege zikaongeza haraka. Nahodha wa meli aliweza kungoja siku mbili, rubani hakuweza kungoja hata saa mbili. Mkataba wa Paris wa 1919 kuhusu usafiri wa anga ulikuwa na kiambatisho kizima cha taarifa za hali ya hewa. Kwetu, idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilianzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter. Wakati huo njia ya ndege kutoka Uingereza hadi kusini mwa Afrika ilikuwa ikiandaliwa. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari ya London hadi Mwanza, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town. Mwaka 1937 ndege za majini zikawa zinatua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Idara ile ya pamoja ilidumu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na yake.

Baada ya Mkutano wa Chicago wa 1944 likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na muundo wa METAR wenyewe ukaanza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 1968. Marekani ilibaki na muundo wake hadi Julai 1996. Ilipojiunga ilikubali nyuzi za Selsiasi, lakini haikuacha maili, wala inchi za zebaki katika kupima mgandamizo.

Tofauti hiyo si ndogo. Kipima mwinuko cha ndege husoma mgandamizo wa hewa, na rubani hukirekebisha kwa namba aliyopewa na uwanja. Uwanja ukisema 992, maana yake hektopaskali 992, sawa na inchi 29.29. Rubani aliyezoea inchi akisikia "tisa, tisa, mbili" anaweza kuweka 29.92. Hapo kipimo kitamwonyesha yuko juu kwa karibu futi 600 kuliko alivyo kweli, na akiwa ndani ya mawingu karibu na milima, futi 600 ni uhai. Ndiyo maana METAR huweka Q mbele ya hektopaskali na A mbele ya inchi. Herufi hiyo moja ndiyo kinga yake, na naona ajabu kwamba dunia bado inaihitaji, badala ya kukubaliana kipimo kimoja.

Sasa kompyuta zinataka muundo wake. Tangu Novemba 2020 ICAO inazitaka nchi zibadilishane taarifa hizi kwa muundo wa kidijitali uitwao IWXXM, mrefu mno kwa jicho la mtu. Mstari wa zamani bado unatumwa sambamba nao, na marubani bado wanausoma. Vyombo navyo vinachukua nafasi ya mwangalizi aliyetoka nje kutazama mawingu na kukadiria umbali kwa mlima au mnara anaoufahamu. Mstari ukiwa na neno AUTO kabla ya upepo, rubani anajua umetoka kwenye mashine, ambayo hupima wingu lililo juu yake tu na inaweza isilione lililo pembeni. Kwa hiyo huusoma kwa tahadhari zaidi, na akiwa na shaka humuuliza kwa redio mwongoza ndege wa uwanja huo.