Swali la Kurudi

Faili langu ni la buluu. Ndani yake mna pasipoti, barua ya chuo, fomu ya I-20, risiti ya dola 350 za SEVIS, risiti nyingine ya dola 185 za viza, taarifa za benki, na kopi ya hati ya shamba la marehemu babu yangu kule Kilifi. Shamba lenyewe lina minazi na mikorosho, na si langu. Lakini jirani mmoja aliyepitia njia hii alimwambia Mama kwamba dirishani wanataka kuona kitu kinachokufunga nyumbani. Mama akaitoa hati kwenye sanduku lake la nguo, akaipeleka mwenyewe kupigwa kopi.

Mahojiano yangu ni Jumanne. Niko mwaka wa mwisho wa uzamili wa historia, na nimepata nafasi ya kusomea uzamivu Marekani. Tasnifu yangu inahusu Wakenya waliokwenda kusoma ng'ambo kabla ya uhuru. Kwa hiyo, kwa miaka miwili nimekuwa nikisoma habari za vijana waliokuwa na faili kama langu. Ila sasa nimeacha kuwasoma kama mtafiti. Nawasoma kama mtu anayetafuta majibu ya mtihani.

Mtihani wenyewe una swali moja kubwa: utarudi? Yeyote anayenifanyisha mazoezi huishia hapo. Swali hili lina umri mkubwa kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Wanafunzi, walimu na wafanyabiashara waliachiwa mlango, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na cheti kutoka serikali ya kwao kinachoeleza jina lake, umri, kimo, alama za mwili, kazi na makazi. Mwaka 1884 sheria ikarekebishwa: cheti hicho sharti kwanza kikaguliwe na kutiwa saini na mwakilishi wa Marekani kulekule kabla mtu hajapanda meli. Nikisoma masharti hayo naona mwanzo wa viza yangu. Mwanafunzi alikaribishwa, lakini kwanza athibitishe kwamba yeye si kibarua aliyejificha nyuma ya vitabu.

Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilimpa mwanafunzi fungu lake rasmi. Awe na umri wa miaka 15 au zaidi, aende kwa ajili ya masomo tu, kwenye shule iliyoidhinishwa, na shule hiyo ikubali kuiarifu serikali mwanafunzi akiacha masomo. Niliposoma kifungu hicho nilicheka peke yangu maktabani. Nilikuwa nimetoka kulipia SEVIS, mfumo wa kompyuta ulioanza kutumika 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ambao kupitia huo vyuo huiarifu serikali habari za wanafunzi wa kigeni. Kumbe dola zangu 350 zimelipia wazo lenye umri wa zaidi ya karne.

Kisha ikaja sheria ya 1952, yenye kifungu ambacho vijana wa rika langu wanakijua kwa namba kama wanavyojua namba zao za simu: 214(b). Kinasema, kwa ufupi, kwamba kila anayeomba viza ya aina hii atachukuliwa kuwa anakwenda kuhamia, mpaka amridhishe ofisa kuwa sivyo. Kwa hiyo unapofika dirishani hesabu haianzii sufuri. Inaanzia chini ya sufuri, na una dakika chache za kuipandisha.

Vijana wa Tom Mboya walisafiri chini ya sheria hiyohiyo. Septemba 1959, ndege ya kukodi iliwatoa wanafunzi 81 Nairobi na kuwapeleka New York. Nauli ilichangwa Marekani, na miongoni mwa waliosaidia kuomba michango walikuwa Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Huku nyumbani jamaa na majirani walichanga walichoweza. Mwaka uliofuata idadi iliongezeka, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, John Kennedy akiwa katikati ya kampeni za urais. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Iliwataka Waafrika wachache waliochaguliwa wapitie Makerere au vyuo vya Uingereza, na maofisa wake walivibeza vyuo vya Marekani.

Kinachonishangaza ni kwamba katika habari zao swali la kurudi linasikika kwa sauti nyingine. Mboya aliwapeleka ili warudi. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru na ofisi zilikuwa zinangoja watu. Wangari Maathai aliondoka 1960, akasoma Kansas na Pittsburgh, akarudi 1966. Barack Obama mkubwa, ambaye alikwenda Hawaii 1959 ingawa hakuwa ndani ya ndege ile ya Mboya, alitaka kubaki Harvard amalizie tasnifu yake. Idara ya uhamiaji ilikataa kumwongezea muda, akarudi 1964 bila ile shahada ya uzamivu. Nyumbani kulikuwa na kazi, na huko hakukuwa na ruhusa.

Kwetu pia kuna aliyekwenda. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa mwanafunzi Nairobi wakati chuo kilipofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kilikaa kimefungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mjomba akarudi Kilifi kupalilia mikorosho, na 1985 akapata nafasi Marekani. Bibi aliuza ng'ombe watatu, msikiti ukachanga, na shule aliyosomea ikachanga. Alimwahidi Bibi miaka minne.

Miaka minne ilipoisha hakukuwa na ofisi iliyomngoja. Mishahara ilikuwa imeporomoka, serikali ilikuwa inapunguza ajira, na wahadhiri kadhaa walikuwa wamepitia kizuizini au wamekimbilia nje. Mjomba alikaa mwaka mmoja zaidi, halafu mwingine, halafu karatasi zake zikaisha muda. Mwaka 1996 Marekani ikapitisha sheria nyingine: aliyekaa bila ruhusa kwa mwaka mmoja au zaidi, akitoka, anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa miaka 10. Wakati huo Mjomba alikuwa na mke na watoto wawili kule. Akiondoka kuja kumwona mama yake, asingejua atawaona lini wanawe.

Bibi alifariki 2009. Mjomba alisikiliza maziko kwa simu, Mama ameishika juu ya vichwa vya watu karibu na kaburi. Nilikuwa mdogo, nakumbuka mkono wa Mama ukitetemeka kwa uchovu na yeye akikataa kumpa mtu mwingine ile simu.

Nyumbani watu husema Mjomba alitusahau. Nilikuwa nasema hivyo pia. Ila sasa, nikiwa nimezisoma sheria hizi moja baada ya nyingine, naona kwamba ile sheria iliyotungwa ili watu kama yeye warudi kwao ndiyo iliyomfungia mlango wa kurudi kwa nyuma. Hilo halifuti ng'ombe wa Bibi wala miaka aliyongoja, na Mjomba mwenyewe ana lawama zake. Lakini siwezi tena kuieleza habari yake kwa neno moja.

Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wanaagizwa kufungua akaunti zao za mitandao ya kijamii zionekane na kila mtu. Nimefungua zangu. Nilipitia picha zangu za miaka saba nikijiuliza zinasema nini kuhusu kurudi, na nikamkumbuka yule mwanafunzi wa Kichina akipimwa kimo.

Jana usiku kaka yangu alikuwa ofisa, ameketi nyuma ya meza ya kulia na miwani ya Mama puani. Akaniuliza chuo, akaniuliza nani analipa, kisha akauliza, "Utarudi?" Nikatoa jibu nililolikariri: tasnifu yangu ni ya Kenya, nyaraka zangu ziko Nairobi, nataka kufundisha hapa. Yote ni kweli. Mama alikuwa akikuna nazi mlangoni. Akaacha.

"Kaka yangu naye alisema kweli," akasema. "Alipokuwa akisema."

Hakuna aliyejibu. Baadaye kidogo akaniambia nimletee ile hati yenyewe, kopi inatosha kwa Wazungu. Akaifuta unga wa nazi uliotoka mikononi mwake, akaikunja, akairudisha sandukuni chini ya kanga za Bibi. Kisha akauliza nitavaa nini Jumanne, ili aipige pasi mapema, maana stima za kwetu hazina ahadi.